Mtungi Peke Yake Hautoshi

Nikijitambulisha kuwa mtaalamu wa mimea, Watanzania wenzangu huniomba dawa. Huyu mgongo unamsumbua, yule anataka kujua kama ni kweli mlonge unashusha sukari. Nikiwaeleza kwamba miaka yangu mingi ya kazi imekwenda katika kutenganisha spishi za mmea unaokula wadudu, tena mmea usioota mahali popote Afrika bara, wengine hucheka na wengine hunionea huruma. Siwalaumu. Hata mimi sikuuchagua. Niliukuta njiani nikiwa nashughulikia mimea ya kwetu.

Mmea wenyewe wataalamu wanauita Nepenthes. Jani lake huanza kama jani lolote, kisha ncha yake hurefuka ikawa ukono, na mwisho wa ukono huvimba, ukatokea mtungi wenye mdomo, kifuniko na maji ndani. Mdudu hufuata utamu unaotoka kwenye tezi za mdomo na za kifuniko. Ukingo wa mdomo una mifuo midogo sana inayobeba maji. Ukilowa kwa mvua au umande, hata chungu anayeweza kutembea juu ya kioo huteleza akatumbukia. Ndani, katika spishi nyingi, ukuta una nta inayomzuia kupanda. Chini kuna maji yenye asidi na vimeng'enya. Hapo mmea hujipatia naitrojeni ambayo udongo wake hauna.

Spishi zinazotambuliwa leo zinazidi 160. Nyingi ziko Borneo, Sumatra na Ufilipino, lakini zipo pia Sri Lanka, vilima vya Khasi huko India, kaskazini mwa Australia na, upande wetu wa Bahari ya Hindi, Madagaska na Ushelisheli. Bara letu lina mimea mingine inayonasa wadudu. Drosera, yenye majani yaliyojaa matone ya gundi, imo katika maeneo yetu ya majimaji, na Utricularia, yenye vifuko vidogo ndani ya maji, iko mabwawani. Mitungi hatuna.

Nilianza na mimea ya nyumbani. Tukiwa wanafunzi Dar es Salaam tulipelekwa Usambara Mashariki, hadi Amani, mahali ambapo Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902. Tulikuwa na fundi wa hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), mtu mzima tuliyemwita Mzee tu, ambaye vyeti vyake vilikuwa vichache na mimea aliyoijua ilikuwa mingi. Jioni tulipanga sampuli zetu kwenye magazeti, yeye akipita na taa, akifunua gazeti moja moja.

"Mwanangu, huu umeutoa wapi?"

"Amani, Mzee."

"Amani ni kubwa. Kwenye chai au msituni? Bondeni au juu? Ulisimama wenyewe au ulitambaa juu ya mwingine? Ua lilikuwa rangi gani kabla hujalibana?"

Kama hujui, aliuweka kando bila kukufokea, na kesho yake ulirudi kuutafuta. Neno lake lilikuwa lile lile kila siku: mali bila daftari huisha bila habari. Wakati ule nilidhani anazungumzia nidhamu ya wanafunzi. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akitufundisha msingi wa taksonomia yote. Sampuli isiyo na lebo ni majani makavu. Haisemi ilitoka wapi, lini, wala iliota juu ya udongo gani, na hakuna darubini inayoweza kuyarudisha hayo.

Baadaye nilipata nafasi katika hebaria ya Kew, London, yenye sampuli takribani milioni 7 za mimea iliyokaushwa. Nilikwenda kwa kazi ya mimea yetu. Wakati huo kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki, kilichoanza kutoka mwaka 1952 na kukamilika 2012, kilikuwa bado kinaandikwa familia baada ya familia. Makabati ya Nepenthes yalikuwa jirani na meza niliyopewa. Kulikuwa na marobota ambayo hayajapangwa, mikono haikutosha, nikaombwa kusaidia. Msaada ule ukawa kazi.

Sampuli ya mmea huu haifanani na nyingine. Jani la kawaida unalibana kwenye karatasi likalala. Mtungi ni chombo chenye tumbo. Ukiubana mzima huoza au husagika. Wakusanyaji wa zamani waliupasua kwa urefu wakaulaza nusu mbili, au waliujaza karatasi wakaukausha na umbo lake. Niliwahi kufunua mtungi wa namna hiyo uliokusanywa karne ya 19. Chini, penye tezi, palikuwa na tabaka jeusi. Nikaliweka chini ya darubini: vichwa vya chungu, mabawa ya mende wadogo, mguu mmoja wenye miiba. Mkusanyaji hakuwa ameandika chochote kuhusu chakula cha mmea ule, ila ushahidi aliuacha ndani.

Mgeni anayefungua makabati yale huvutiwa na mitungi, na kwa sababu nzuri. Ina ukubwa wa kidole hadi ukubwa wa mpira, rangi ya kijani, nyekundu na zambarau, midomo yenye meno. Ni rahisi kudhani kwamba kuzipanga spishi ni kuzipanga kwa mitungi yake. Lakini mmea mmoja huzaa mitungi ya aina mbili. Ukiwa mchanga hutoa mitungi ya chini, minene, inayokaa juu ya ardhi, yenye mabawa mawili mbele yaliyojaa nywele. Ukikua na kuanza kupanda juu ya miti hutoa mitungi ya juu, myembamba, isiyo na mabawa, mara nyingi isiyo na rangi kali, na ukono wake hujisokota kwenye matawi ili kushika. Mtu asiyejua ataziweka sampuli hizo mbili katika makabati tofauti. Kuutambua mmea huu kwa mtungi mmoja ni sawa na kumtambua jirani kwa kanzu aliyovaa siku ya Idi.

Katika familia nyingi za mimea mwamuzi huwa ni ua. Hapa ua nalo halitoi msaada mkubwa. Maua ya kiume huota kwenye mmea wake na ya kike kwenye wake, na hayatofautiani sana kutoka spishi moja hadi nyingine. Nilikuwa nikilowesha ua kavu katika maji ya moto hadi lilainike, kisha nalifungua kwa sindano mbili chini ya darubini: vipande vinne vya ua vyenye tezi za utamu, na katikati stameni zilizoungana kuwa nguzo moja yenye kichwa cha chavua. Nafungua la spishi nyingine, nakuta karibu yale yale.

Kwa hiyo unalazimika kusoma mmea mzima. Unatazama kitako cha jani kinavyoshika shina: kina kikonyo, au kinalikumbatia, au kinateremka juu yake. Unatazama ukono unatokea wapi, maana katika spishi chache, kama Nepenthes rajah ya mlima Kinabalu huko Borneo, hautoki kwenye ncha bali chini ya jani, kabla ya ncha. Unahesabu kama kila kijiti cha shada kina ua moja au mawili. Unageuza kifuniko utazame tezi za upande wa chini, na kama kuna kinundu au ndoano. Unatazama nywele: ziko wapi, ndefu au fupi, zimesimama au zimelala, zinadumu au hupukutika jani likikomaa. Hakuna sifa moja inayoamua. Sifa sita au saba zikikubaliana, tena katika sampuli nyingi kutoka sehemu mbalimbali, ndipo unapothubutu kusema hii ni spishi.

Somo hilo limenisaidia nje ya hebaria kuliko ndani yake. Kinachopiga kelele zaidi mara nyingi ndicho chenye ushahidi mdogo. Nimekaa katika vikao vingi vya kazi nikisikiliza hoja iliyojengwa juu ya jambo moja la kuvutia, na mara zote nimejikuta nikiuliza: na shina lake je?

Orodha ya spishi nayo ina historia ya watu waliobishana. Mwaka 1658 Étienne de Flacourt, gavana Mfaransa wa kusini mwa Madagaska, alichapisha maelezo ya mmea wa kisiwa kile wenye chombo mwisho wa jani. Mtaalamu Msweidi Linnaeus aliuingiza mmea wa Sri Lanka katika vitabu vyake mwaka 1753. Joseph Hooker wa Kew aliandika mapitio ya jenasi nzima mwaka 1873. Danser, Mholanzi aliyefanya kazi Bogor katika kisiwa cha Java, alitoa yake mwaka 1928 akitambua spishi 65. Mwaka 1997 Matthew Jebb na Martin Cheek walihesabu 82. Leo, kama nilivyosema, tumepita 160.

Sababu za ongezeko hilo ni mbili. Ya kwanza ni milima. Mingi ya mimea hii hupenda vilele, na kila kilele ni kisiwa chake. Chavua na mbegu hazivuki kirahisi mabonde ya joto yaliyo kati. Spishi nyingi zinajulikana katika mlima mmoja au miwili tu duniani. Nepenthes attenboroughii ya mlima Victoria, Palawan, iliandikwa mwaka 2009. Mwaka 2022 iliandikwa Nepenthes pudica ya Kalimantan Kaskazini, ambayo mitungi yake hukaa chini ya ardhi na kunasa wadudu humo.

Sababu ya pili ni watu. Wako wataalamu wanaopasua na wako wanaounganisha. Anayepasua akiona tofauti anaona spishi. Anayeunganisha anaona watoto wa mama mmoja. Mimea yenyewe huongeza ugumu, maana spishi zinazokaa jirani huzaana kwa urahisi. Kinabalu kuna chotara kati ya Nepenthes rajah na Nepenthes villosa anayejulikana vizuri hadi akapewa jina lake, na ukimweka mezani bila wazazi wake unaweza kuapa kwamba ni spishi kamili. Nilifundishwa kutouliza kwanza kama sampuli mbili zinatofautiana. Vitu vyovyote viwili hutofautiana. Swali ni kama tofauti hiyo inadumu mahali pote, na kama katikati yake hakuna mimea inayoziunganisha.

Ushelisheli ndiko nilikoona swali hilo likiwa hai. Katika kisiwa cha Mahé kuna njia ya miguu inayopanda hadi Copolia, juu ya mwamba mtupu wa matale. Huko juu, kwenye nyufa zenye udongo kidogo sana, hutambaa Nepenthes pervillei. Mitungi yake ni midogo, ya manjano iliyopakwa wekundu, na ukichungulia ndani unakuta viluwiluwi wa mbu wakicheza katika maji yanayowaua wadudu wengine. Nilichokwenda kutazama ni mbegu. Karibu Nepenthes zote zina mbegu nyembamba yenye mikia mirefu pande mbili, ili upepo uibebe. Mbegu ya mmea huu haina mikia hiyo. Kwa sababu hiyo Hans Hallier, mwaka 1921, aliutoa katika ukoo wa Nepenthes akaupa jenasi yake peke yake, Anurosperma.

Hallier aliona sawa. Mkia kweli haupo. Hata hivyo waliokuja baadaye waliurudisha mmea kwa ndugu zake, kwa sababu shina, jani, ua na mtungi vyote vinasema ni Nepenthes. Uchunguzi wa vinasaba umeongeza habari nyingine: mimea ya Ushelisheli, Madagaska, Sri Lanka na Khasi ilitengana mapema na kundi kubwa la Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa hiyo ni ndugu wa mbali, lakini ni ndugu. Tofauti ya kweli, hata ikiwa kubwa, haitoshi peke yake kuvunja udugu. Lazima upime pia yale yanayofanana.

Borneo ilinifundisha jambo lingine. Katika makabati nilikuwa nimezoea mitungi ya juu ya Nepenthes lowii, yenye kiuno chembamba, ukuta mgumu kama ubao na kifuniko kilichotupwa nyuma. Upande wa chini wa kifuniko kuna vinywele vyenye ukoko mweupe. Kwa miaka mingi wataalamu waliandika sifa hizo katika maelezo yao bila kujua zina kazi gani, na mitungi ile ya juu haikuonekana kunasa wadudu wengi. Mwaka 2009 Charles Clarke na wenzake walichapisha jibu. Tupaya, mnyama mdogo wa msituni anayefanana na kindi, huja kulamba ukoko ule. Ili aufikie, lazima akae juu ya mdomo wa mtungi, na akiwa pale hujisaidia ndani. Kinyesi hicho huupa mmea zaidi ya nusu ya naitrojeni katika majani yake. Niliposimama mbele ya mmea ule mlimani na kupima kwa macho umbali kutoka kifunikoni hadi mdomoni, nilielewa kwamba kipimo nilichokuwa nikikiandika mezani kwa milimita kilikuwa kipimo cha mgongo wa mnyama.

Mmea mwingine wa kisiwa hicho uliishi kwa muda mrefu chini ya jina la jirani yake. Ulihesabiwa kuwa aina ndefu tu ya Nepenthes rafflesiana. Wachunguzi wakaona kwamba una maji machache, hunasa wadudu wachache, na mchana popo mdogo aitwaye Kerivoula hardwickii hulala ndani ya mtungi wake. Mwaka 2011 ilithibitishwa kwamba mavi ya popo huyo huupa takribani theluthi moja ya naitrojeni yake, na mwaka 2015 ikaonekana kwamba ukuta wa nyuma wa mtungi, juu ya mdomo, hurudisha mlio wa popo ili aupate gizani. Mwaka 2011 huo huo mmea ulipewa jina jipya, Nepenthes baramensis. Miaka miwili baadaye wengine walirudi kwenye karatasi za zamani wakakuta kwamba Macfarlane, profesa wa Philadelphia, alishaupa jina mwaka 1908: Nepenthes hemsleyana. Kanuni ya kazi yetu haina upendeleo. Jina la kwanza lililochapishwa kwa utaratibu ndilo linaloshinda, na lile la 2011 likawekwa pembeni.

Wanafunzi hupenda kisa cha popo. Mimi hupenda kuwasomesha sehemu ya pili. Macfarlane hakujua habari ya popo, lakini alitazama sampuli akaona mmea huu si ule. Kabla ya kutangaza kwamba umegundua, wasome marehemu. Na ukiona sifa ambayo hujui ina kazi gani, iandike hivyo hivyo bila kuipamba, maana atakayejua kazi yake huenda hajazaliwa.

Hayo yote husimama juu ya kitu kimoja kinachoitwa sampuli kigezo. Kila jina la spishi limefungwa kwenye sampuli moja iliyotajwa, yenye lebo, iliyowekwa mahali panapojulikana. Ukitilia shaka jina, unakwenda kuitazama. Kwetu sisi, asiyekuwapo na lake halipo.

Watu wa mimea wa Afrika Mashariki tunajua uchungu wa kupoteza vigezo. Enzi za Wajerumani mimea mingi ya Usambara, Uluguru na Kilimanjaro ilipelekwa Berlin, ambako Adolf Engler na wenzake waliipa majina. Machi 1943, wakati wa vita, mabomu yaliichoma hebaria ile na sehemu kubwa ya vigezo hivyo ikawa majivu. Mwezi Februari 1945, katika mapigano ya kuikomboa Manila, hebaria ya Ufilipino nayo iliteketea, pamoja na vigezo vya Nepenthes za visiwa vile. Nilipokuwa nikifuatilia jina la mmea wa Mindanao na kukuta mbele yake alama ya "imeangamia", nilikuwa nimeshaizoea alama hiyo kutoka kwenye mimea ya Tanga.

Kilichookoa majina mengi ni ukarimu. Elmer Merrill, aliyeiongoza kazi ya mimea huko Manila, alikuwa na desturi ya kukusanya nakala nyingi za mmea mmoja na kuzigawa kwa hebaria za nchi nyingine. Moto ulipopita, nakala zilizokuwa Marekani na Ulaya zilisaidia kuijenga upya ile ya Manila. Amani nako kulibaki nakala za baadhi ya sampuli zilizoungua Berlin. Zilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, zikawa msingi wa Hebaria ya Afrika Mashariki, na wataalamu wetu bado wanazitegemea. Aliyegawa ndiye aliyebakiwa. Sijaona mahali ambapo methali za wazee kuhusu kutoa zimethibitishwa kwa ushahidi mkavu kiasi hicho.

Upo mpaka wa kugawa, na mimea hii ndiyo iliyonionyesha. Magharibi mwa Borneo kuna mlima Kelam, jabali kubwa linalosimama peke yake. Kwenye kuta zake tu, na si mahali pengine duniani, huota Nepenthes clipeata, yenye jani karibu duara. Danser aliiandika mwaka 1928. Ukusanyaji wa wafanyabiashara na moto vimeifikisha ukingoni. Mimea iliyobaki porini ni michache mno. Nepenthes rajah, ambayo mtungi wake mkubwa hubeba zaidi ya lita 3, ilihitaji kuwekwa katika kundi la juu kabisa la ulinzi la CITES, mkataba wa biashara ya viumbe wa porini, na spishi nyingine karibu zote za jenasi zikawekwa katika kundi la pili.

Niliwahi kuandikiwa barua ya heshima na mtu aliyejitambulisha kuwa mpenzi wa mimea. Aliniuliza mambo ya kitaalamu, na mwisho akataka kujua sampuli fulani ilichukuliwa upande gani wa mlima, kwenye mwinuko gani. Wote tuliofanya kazi hii tunazijua barua za namna hiyo. Nilimjibu maswali yote isipokuwa hilo. Maelezo ya spishi mpya sasa mara nyingi huchapishwa bila kutaja mahali kwa usahihi, ingawa lebo iliyo kabatini hutaja kila kitu. Mzee wa Amani hakuwahi kukutana na wezi wa mimea wanaotumia ramani za satelaiti, ila nadhani angekubali. Yeye alitaka tuandike yote; hakusema tumsomee kila mpita njia.

Vijana wanaosoma biolojia huniambia kwamba kazi hii imepitwa na wakati, kwamba sasa kipande cha jani kikiwekwa katika silika jeli na kusomwa vinasaba vyake kinatosha. Vinasaba nimevitumia na nimevishukuru. Bila hivyo tusingejua ndugu wa mbali wa Ushelisheli ni akina nani. Lakini kipande kile kinakupa herufi za vinasaba tu. Kinahitaji mtu wa kusema kilitoka kwenye mmea gani, na mtu huyo huzisoma sifa za mmea kwa macho na huacha sampuli kamili ambayo mwingine anaweza kumpinga nayo. Jina bila sampuli ni madai.

Wataalamu wa kufanya kazi hiyo ni wachache kwetu kuliko mimea inayowasubiri. Milima yetu ya Tao la Mashariki bado inatoa spishi mpya kwa sayansi, kama vile Borneo inavyotoa mitungi mipya. Hebaria za Dar es Salaam na Nairobi zina marobota ambayo hayajafunguliwa, na kuyafungua hakuhitaji mashine ya gharama. Kunahitaji meza, mwanga, gundi, lenzi ya mkononi na mtu mwenye subira. Vyuo vyetu vinavyoajiri walimu wa fani nyingine vikumbuke kuajiri pia fundi wa hebaria, vimlipe vizuri, na vimpe kijana wa kumrithi kabla hajastaafu.

Na wewe msomaji, kama unafundisha, unalinda msitu, unalima mlimani au unatembea tu, ukikuta mmea usioujua usiukate kwa sababu ya ua lake peke yake. Tazama shina, jani, nywele na mahali ulipoota. Kama una ruhusa ya kukusanya, andika lebo siku hiyo hiyo kabla hujalala, kausha nakala zaidi ya moja, na moja uipeleke mbali na kwenu.